Asiyemwogopa Mungu Atamwogopa Nani?

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameniandikia barua ndefu, yenye uchungu tangu mstari wa kwanza. Mwanawe wa pili, aliyemsomesha kwa tabu mpaka akamaliza chuo kikuu, amerudi nyumbani na kumwambia mama yake kwamba imani imemtoka, na kwamba hataswali ili kuwaridhisha watu. Baba hakupiga kelele wala hakumfukuza. Alichofanya ni kumnyang'anya funguo za droo ya fedha. Kijana huyo amekuwa akikaa kwenye droo hiyo kila likizo tangu yuko darasa la saba, na mzee mwenyewe anakiri kwamba hesabu haijawahi kupungua hata shilingi mia. "Lakini sasa," anauliza, "asiyemwogopa Mungu atamwogopa nani?"

Ameniruhusu nijibu hadharani, nami nashukuru, maana swali hili si lake peke yake. Linaulizwa kwenye vikao vya posa. Linaulizwa kwa kuzunguka kwenye usaili wa kazi, na mwenye nyumba hulitanguliza anapotafuta mpangaji. Upande wa pili wako vijana wenye jibu lao la mkato: kwamba dini ni kiwanda cha unafiki, na mwenye akili timamu hahitaji kutishwa na moto ndipo awe mwema. Naona wote wawili wamekata shauri mapema mno.

Mzee wangu, barua yako imechanganya mambo mawili. La kwanza ni huzuni ya mzazi Mwislamu anayeiogopea akhera ya mwanawe. Hiyo ni haki yako na sina la kukupunguzia. Mwombee dua, zungumza naye, mtafutie mwanachuoni mwenye subira atakayemsikiliza kabla ya kumkemea. La pili ni kwamba unamwona mwizi. Hilo haliitwi huzuni, linaitwa tuhuma, na tuhuma inataka ushahidi. Ushahidi ulionipa ni wa miaka mingi na wote unamtetea. Qurani ambayo unalia kwamba ameiacha inawakataza waumini, katika Surat al-Hujurat, kuendekeza dhana juu ya watu, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Kwa hiyo mpaka hapa tulipofika, aliyevunja amri nyumbani kwako ni wewe.

Neno hilo ni chungu, najua. Nisamehe, lakini ulitaka nasaha.

Tuizungumze hofu yenyewe, kwa kuwa ndiyo uliyoiegemea. Hofu ya Mungu ni kitu cha kweli, na anayeidharau hajapata kuishi karibu na watu walio nayo. Kuna walinzi wa usiku ambao wangeweza kufungua geti mara moja tu wakapata fedha za mwaka mzima, na hawafungui kwa sababu wanajua wanaonwa. Serikali haina jicho la namna hiyo. Askari ana zamu, kamera ina pembe isiyoifikia, na mkaguzi wa hesabu huja mara moja kwa mwaka, tena wengine wakikaribishwa soda huona vizuri na wakikaribishwa kingine huona vibaya. Anayemcha Mungu kwa kweli hana saa ambayo haonwi.

Ila hofu hiyo ikiwa peke yake ina mlango wa nyuma, na sisi waumini ndio tunaoujua vizuri zaidi. Tunajiahidi toba. Mtu anapunja mizani leo akiwa na nia thabiti ya kwenda Hija mwakani. Mwingine anapokea rushwa Jumatatu, na Jumapili anatoa fungu la kumi kutoka humo humo, akitoka kanisani anahisi kabisa kwamba hesabu imefungwa. Watu hawa hawajakosa hofu. Wanayo, na wamejifunza kuishi nayo kwa bei nafuu. Ndiyo maana jibu la swali lako haliwezi kuishia kwenye kuogopa.

Nataka nikupeleke Makka, kabla ya utume. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alifika mjini na bidhaa zake. Akazinunua al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikureshi, akachukua mali na akakataa kulipa. Yule Myemeni hakuwa na ukoo pale, na katika Makka ya siku zile asiye na ukoo hakuwa na pa kushtaki. Akapanda jabali la Abu Qubays linaloitazama Kaaba, wakubwa wakiwa wamekaa chini katika mabaraza yao, akapaza sauti akilalamikia dhuluma aliyotendewa. Baadhi ya koo ziliona aibu. Wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakala chakula chake, wakaapa kwamba yeyote atakayedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, watasimama upande wake mpaka haki yake irudi. Wakaenda kwa al-As, wakaichukua mali ya Myemeni, wakamrudishia mwenyewe. Kiapo hicho ndicho Hilful-Fudhul.

Walioapa walikuwa watu wa zama za ujahilia, katika mji uliojaa masanamu. Kitabu kilikuwa hakijateremka. Miongoni mwao alikuwemo kijana wa miaka kama 20, Muhammad bin Abdallah, ambaye watu wa Makka walikuwa wakimwita al-Amin kabla hawajamwita Mtume. Baadaye, akiwa tayari na utume, alikisifu kiapo kile, akasema asingekibadilisha kwa ngamia wekundu, na kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwacho angeitika. Angeweza kusema kwamba wema wa wale watu ulikuwa bure kwa kuwa haukujengwa juu ya tauhidi. Hakusema hivyo. Suala la wokovu wao aliliacha mahali pake, na haki waliyoisimamia akaiita haki.

Wanachuoni wa Kiislamu walibishana kwa karne nyingi kama akili inaweza kuujua uovu kabla sheria haijateremka. Wamu'tazila walisema inaweza. Waash'ari, ambao itikadi yao ndiyo iliyoenea zaidi katika pwani yetu pamoja na fiqhi ya Imamu Shafii, walisema kuupambanua wema na uovu ni kwa Mwenyezi Mungu. Wamaturidi, wafuasi wa mwalimu mmoja wa Samarkand, walisimama katikati. Sikuletei mjadala huu ili nikuchoshe. Nataka uone tu kwamba wakubwa hawakuliona jambo hili jepesi kama linavyoonekana kwenye kibaraza. Wakristo nao wanayo ya kwao. Paulo, katika sura ya pili ya barua kwa Warumi, anawataja watu wasio na torati ambao hata hivyo hutenda yaliyo ndani ya torati, kana kwamba imeandikwa mioyoni mwao. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, akajenga juu ya hapo mafundisho yake ya sheria ya asili. Na yule Msamaria wa Luka sura ya 10, aliyemsaidia majeruhi njiani, hakuwa wa dini sahihi machoni pa waliosimuliwa habari zake. Waliopita kando ya majeruhi walikuwa kuhani na Mlawi. Wagiriki walilitangulia swali lenyewe. Plato, katika Euthyphro, anamsimulia mwalimu wake Socrates akiuliza kama jambo jema ni jema kwa kuwa miungu imelipenda, au miungu imelipenda kwa kuwa ni jema. Miaka 2,400 imepita na walimu wa falsafa bado wanakula mshahara kwa swali hilo.

Tuwaache walimu, tuingie jikoni. Ni Ramadhani, saa kumi na moja jioni. Msichana wa kazi aliyeamka saa tisa usiku kupasha daku amesimama mbele ya karai, anakaanga sambusa za kupelekwa msikitini. Sinia la tatu limeshajaa. Tarehe ni 14 na mshahara wa mwezi uliopita hajapewa. Ameambiwa asubiri, mambo ni magumu. Simu yake inaita, ni mama yake kijijini, anaizima kwa sababu hana la kumwambia. Sebuleni mwenye nyumba anazungumza kwenye simu, anaahidi mchango wa zulia jipya la msikiti.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linataka kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijatua. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inataka alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2011, hautaji Mungu hata mara moja, na unataka mfanyakazi wa ndani alipwe kwa vipindi vinavyojulikana, angalau mara moja kwa mwezi. Amri za kima cha chini cha mshahara za Tanzania na Kenya zinamtaja mfanyakazi huyo. Immanuel Kant, Mjerumani aliyetaka maadili yasimame juu ya akili, aliandika mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia haja za mwingine. Hao wote ukiwaweka meza moja watagombana juu ya Mungu mpaka asubuhi. Ukiwauliza habari ya yule msichana, watakujibu kwa sauti moja kwamba alipwe. Sasa niambie, mwenye nyumba amepungukiwa na msingi gani?

Kwa hiyo ninapotaka kumjua mtu, sianzi na anaswali wapi. Naangalia anavyomtendea yule ambaye angeweza kumdhulumu bila kuulizwa na yeyote: msichana wa kazi, mkulima asiye na mzani, yatima aliyeachiwa shamba, mgeni asiye na ukoo kama yule wa Zabid. Surat al-Maun inamtambulisha anayeikadhibisha dini kwa jambo hilo hilo, kwamba ndiye anayemsukuma yatima, na inawaonya wanaoswali huku wakinyima watu msaada mdogo. Sikuitunga mimi.

Anayedhani jina la dini linatosha kumzuia mtu na unyama, asome habari za Nyange, magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia hiyo. Kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa hapa Arusha, na mwaka 2008 Chumba cha Rufaa kikaigeuza adhabu yake kuwa kifungo cha maisha. Machi 1997, katika Nyange hiyo hiyo, watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari usiku na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Watoto wa shule waliliona jambo ambalo padri aliyepakwa mafuta hakuliona, au aliliona akaliacha.

Na anayedhani kuiondoa dini ndiyo dawa, aitazame Kampuchea ya Khmer Rouge. Kati ya 1975 na 1979 walifunga mahekalu, wakawavua watawa mavazi yao, na zaidi ya watu milioni moja na nusu wakafa katika kuijenga jamii yao mpya. Mashindano ya kuhesabiana maiti tuyaache, kila upande una makaburi ya kutosha.

Sisi wenyewe Tanzania tulijaribu maadili yasiyotaja pepo wala moto. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa, wala hakuficha, lakini miiko ile iliandikwa kwa namna ambayo shehe, mchungaji na mwenye kufuata mizimu ya babu zake wangeweza kuikubali bila kuulizana kitu. Naikumbuka kwa heshima. Ila lazima niseme na upande wa pili: Februari 1991 kikao cha chama kilikaa Zanzibar, masharti yakalegezwa, na waliokuwa wamejizuia wakaanza kujenga. Kilichowekwa na kikao kiliondolewa na kikao. Hapa mzee una hoja nzito kuliko vijana wanavyotaka kukubali, maana aya haiitishiwi kikao ikafutwa. Hupata wafasiri tu, na wafasiri nao wana matumbo.

Kinachonipa matumaini ni pale pande hizi mbili zinaposahihishana. Kenya, mwaka 2024, vijana waliojaa mitaani walilalamika pia kwamba wanasiasa wanapewa madhabahu kwa sababu ya michango yao. Wengi wa vijana hao hawakuwa wakizungumza kwa jina la dini yoyote. Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa fedha alizotoa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto na kuagiza zirudishwe. Kelele zilitoka barabarani, na kanisa likakuta kwamba kilichopigiwa kelele ni mafundisho yake lenyewe.

Na wewe kijana, najua baba yako atakuonyesha safu hii. Usidhani kuacha kuswali kumekuongezea akili. Umeacha kitu kilichokuwa kikikuamsha alfajiri, kikikusimamisha bega kwa bega na muuza mkaa, kikikutoza zaka bila kukuuliza kama una hamu. Mahali pake umeweka nini? Ukinijibu kwamba umeweka akili yako, nitakuuliza akili hiyo imekutuma kwa nani wiki hii. Kant hajapata kumwamsha mtu saa kumi usiku akachimbe kaburi la jirani. Msikiti unawaamsha. Jiandikishe basi katika chama cha kuzikana cha mtaa wenu, lipa ada kwa wakati, na siku ukiitwa chukua jembe. Humo utawakuta Waislamu, Wakristo na wasiosema, na hakuna atakayekuuliza unaamini nini wakati udongo unarudishwa. Ramadhani ikifika usile mbele ya mama yako. Wala usiidhihaki dini mbele ya wadogo zako, kwa sababu hizo sauti zilizokufundisha kutogusa cha mtu, mpaka ukakaa kwenye droo ya baba miaka yote bila doa, zilikufundisha kwa lugha ya dini hiyo.

Wazazi mnaosoma, nina ombi moja kubwa. Acheni kuwaambia watoto kwamba bila dini hakuna wema. Mnasema hivyo mkidhani mnailinda dini. Lakini imani ya mtoto huweza kuyumba ujanani, kwa wengine kwa msimu na kwa wengine moja kwa moja, na akiwa ameyaamini maneno yenu, siku hiyo mtakuwa mmeshamwandikia ruhusa. Atajiambia: wazee walisema vyote viwili ni kitu kimoja, sasa kimoja kimeondoka. Mfundisheni amri pamoja na sababu yake. Asiibe kwa kuwa Mungu amekataza, na asiibe kwa kuwa mama muuza vitumbua ataondoka leo bila nauli. Akimdanganya mwenzake, mpelekeni kwa huyo mwenzake akamtazame usoni, hata kama mmekwisha kumwombea msamaha kwa Mungu. Luqman katika Qurani anapomuusia mwanawe anaanza na kumpwekesha Mungu, halafu hachoki kuendelea: sala, subira, kutowageuzia watu shavu kwa kiburi, kutotembea kwa majivuno, kuteremsha sauti. Mwana Kupona wa Pate, aliyemwachia bintiye utendi wa nasaha katikati ya karne ya 19, aliitaja dini kwanza, akafuatisha adabu ya ulimi, akafuatisha ukweli na uaminifu, kila kimoja kwa zamu yake. Alikuwa mcha Mungu kuliko wengi wetu, na bado hakuona kwamba akishataja dini amemaliza kazi.

Mzee wangu, hukumu yangu ni hii. Mrudishie mwanao funguo leo, tena umwombe radhi. Kesho, kesho kutwa na kila siku utakayojaaliwa, zungumza naye juu ya sala kama baba, bila kumuuzia kuaminiwa kwa bei ya rakaa. Akija kuiba, mnyang'anye funguo kama ambavyo ungemnyang'anya mwenye kuswali safu ya mbele. Na ninyi wengine mnaojiandaa kuniandikia kunipinga, karibuni, barua zenu nitazisoma zote. Ila kabla hujashika kalamu, kama mwezi umekwisha na anayekufulia nguo hajapata mshahara wake, mlipe kwanza.